Saa Nusu Tatu: Daftari la Siku Kumi na Mbili Berlin

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimetua Berlin jioni, nikitokea Dar kupitia Istanbul, na mkoba wangu wa mkononi unanuka korosho. Mama alikataa katakata nizitie kwenye begi kubwa. Alisema begi likipotea, bora zipotee nguo. Kilo tatu, kazikaanga mwenyewe nyumbani Lindi, na juu yake kanga jozi moja. Hizo ndizo zawadi zangu kwa Wajerumani.

Afisa wa pasipoti akaniuliza nimekuja kufanya nini. Sentensi hiyo nilikuwa naifanyia mazoezi tangu Istanbul: nimekuja kwa mpango wa kubadilishana lugha na utamaduni, siku kumi na mbili, asubuhi nasoma Kijerumani, mchana nafundishana na mwanafunzi wa Kiswahili, nalala kwa mwenyeji Wedding. Nikaitoa yote kwa pumzi moja. Akanijibu maneno kama kumi ambayo sikushika hata moja, akagonga muhuri. Miaka miwili ya darasa la Kijerumani Dar, na mazungumzo yangu ya kwanza Ujerumani nimeshindwa kuyasikia.

Wedding ni jina la mtaa, hakuna harusi. Nalisema hapa kwa sababu shoga zangu chuoni bado wanauliza bibi harusi ni nani.

Mwenyeji wangu ni mama wa miaka 74, muuguzi mstaafu, anakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Alitaka kunipokea begi, nikakataa, akalishika upande mmoja kwa nguvu, tukapanda ngazi tukivutana kama watoto. Mezani akaweka mkate mweusi, jibini ya aina mbili, tango lililokatwa na chai. Nikala vipande viwili kwa adabu, tumbo nikiliachia nafasi ya chakula. Akaniuliza kama nimeshiba. Nikasema ndiyo, asante, maana chai ilikuwa nzuri. Akatoa sahani, akafuta meza, akanitakia usiku mwema. Kumbe ndicho kilikuwa chakula. Wenyewe wanakiita Abendbrot, mkate wa jioni, na jina halikuficha kitu. Nimekula korosho za watu kitandani, kimyakimya, kama mwizi.

Jua limezama saa mbili na nusu usiku. Nimeandika hivyo na kujisoma mara mbili.

Jumapili, 4 Mei

Maduka yote yamefungwa. Jumapili huku haifuliwi kwa mashine, haipigiliwi msumari, na chupa hazitupwi kwenye pipa la vioo kwa sababu zinapiga kelele. Nilipouliza nani anakataza, mwenyeji alinitazama kama niliyeuliza nani anakataza kutembea uchi.

Asubuhi ndiyo nilivuruga. Kumwita mtu mzima wa miaka 74 kwa jina lake tupu ulimi wangu haukubali, ingawa jana mwenyewe aliniambia nimwite jina la kwanza na nitumie "du", ile "wewe" ya watu waliozoeana. Kwa hiyo nilipoingia jikoni nikasema kwa furaha, "Guten Morgen, Oma!" Oma ni bibi, si ndiyo? Akanyamaza. Akamimina kahawa. Halafu akasema taratibu kwamba yeye hana mjukuu, na kwamba huku mtu asiye wako akikuita Oma, maana yake umezeeka na unamchelewesha kwenye foleni.

Nilitaka ardhi ipasuke. Ikabidi nieleze kwetu ilivyo. Bibi si umri, ni cheo. Nikamfundisha shikamoo na marahaba. Akauliza maana ya shikamoo. Nikamwambia wazee husema ni "nashika miguu yako". Akatazama miguu yake, amevaa soksi za sufi zenye tundu kidole gumba, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Tukakubaliana: nitamwita Bibi, kwa Kiswahili, na kila asubuhi nitamwamkia naye ataitikia. Neno likiwa la Kiswahili, anasema, halimzeeshi.

Nikaona ndiyo nafasi ya kutoa kanga. Imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikatafsiri neno kwa neno. Akakunja uso: kwani mwenyeji anaumwa nini?

Jumatatu, 5 Mei

Darasa lina watu kumi na mmoja. Niko peke yangu kutoka Afrika Mashariki. Mwalimu haongei ila Kijerumani, hata ukilia.

Leo tumerudia der, die, das. Jua ni la kike, mwezi ni wa kiume, na msichana, das Mädchen, si wa kike wala wa kiume. Kijana mmoja wa Kituruki akapiga meza kwa hasira. Mwalimu akasema kosa ni la kile kijimkia "-chen": chochote ukikifanya kidogo kwa "-chen", kinahamia kwenye "das". Darasa zima likaguna. Mimi nikatulia, maana nilishalijua hilo tangu tumboni. Mtu ni a-, wa-. Ukimfanya kitoto, anahamia ki-, vi-. Kijitu, kijijitu. Wajerumani wana ngeli tatu tu na wanahangaika hivi, wangepewa zetu je?

Mchana nikakutana na mwenzangu wa tandemu. Ndivyo wanavyoita mpango wenyewe, kama baiskeli ya watu wawili. Utaratibu ni nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, na kengele ya simu ikilia mnageuza hata kama mko katikati ya sentensi. Yeye anasoma mambo ya Afrika chuo kikuu, Kiswahili mwaka wa pili, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Alinisalimia: "Hujambo, bibie? U hali gani?" Nikajibu sijambo. Ukweli ni kwamba mara ya mwisho mtu wa rika langu kuniambia hujambo nilikuwa shule ya msingi. Nikamfundisha "mambo" na "poa". Akaandika kwenye daftari kwa wino wa kijani, akauliza "poa" iko ngeli gani.

Nikamwambia "shule" tuliitoa kwao, Schule, alikuwa analijua hilo. "Hela" hakuwa analijua. Nikamweleza ile sarafu ya Heller ya wakati wa Wajerumani, iliyoanza kutumika 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu imekufa, watawala wameondoka, neno limebaki mfukoni mwetu. Akarudiarudia: hela, hela, sina hela. Hilo la mwisho nilimwongezea mimi.

Jumanne, 6 Mei

Leo nimepigwa faini ya euro sitini. Kwa haraka haraka ni laki na themanini ya kwetu. Nieleze, maana bado inaniuma.

Kwenye treni za chini ya ardhi hakuna geti wala konda. Unanunua tiketi kwenye mashine, halafu unaigonga kwenye kijisanduku kingine hapo hapo stesheni, inachapwa tarehe na saa. Nilinunua. Sikugonga. Vituo viwili mbele, kaka aliyekaa mbele yangu na koti la mvua na mfuko wa mboga akasimama, akatoa kitambulisho shingoni, akaomba tiketi. Nikampa kwa kujiamini kabisa. Akaigeuza. Tiketi isiyogongwa ni kama huna tiketi.

Dar konda anakufuata mpaka kiti cha nyuma, anakugongeagongea sarafu sikioni, huwezi kusahau hata ukitaka. Huku wanakuachia uaminifu wako, ukiteleza unalipia. Yule kaka alikuwa mpole mno, kila sentensi ananiita "Sie", ile "wewe" ya heshima. Sijawahi kutozwa pesa kwa adabu namna ile.

Bibi aliposikia hakusema pole. Alisema yeye imeshampata mara mbili, ya kwanza akiwa msichana. Akachukua ile tiketi yangu tupu akaibandika mlangoni pa friji kwa sumaku.

Jumatano, 7 Mei

Darasani hakuna jipya. Nyumbani Bibi amenifundisha kumenya Spargel. Ni mmea mweupe, mrefu kama kalamu, unakua umefunikwa na udongo ili usione jua, na msimu wake ukifika watu huku wanachanganyikiwa kama sisi na maembe ya Desemba. Unamenya kutoka chini ya kichwa kushuka, kamwe si kupanda. Kisu changu kilikuwa kinakata nyama nyingi, akaninyang'anya, akanipa kile kimenyeo, akanishika kiganja na kukiongoza kama ananifundisha kuandika. Ganda linatoka refu, linang'aa. Maganda hayatupwi, yanachemshwa kwanza, ndiyo mchuzi. Tukala na viazi na siagi. Utamu wake unajificha, unaupata ukishameza. Msimu unakwisha tarehe 24 Juni na baada ya hapo, anasema Bibi, mmea unaachwa upumzike.

Usiku, kupitia waifai ya nyumbani, mwenzangu kaniandikia kwa Kiswahili: "Kesho ni sikukuu, hakuna darasa. Tukutane kituo cha Afrikanische Straße, saa nusu tatu. Usichelewe!" Nimefurahi sana, sentensi yote hana kosa. Yaani karibu.

Alhamisi, 8 Mei

Saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa kituoni. Afrikanische Straße, Mtaa wa Afrika. Nikasubiri. Mjerumani kuchelewa dakika kumi ni habari, dakika ishirini ni msiba. Saa nne ikapita. Simu yangu nje ya nyumba ni saa ya ukutani tu, kwa sababu laini ya huku inataka uthibitishe pasipoti kwa video na mara zote mbili nilizojaribu imenikataa. Duka la kuomba msaada hakuna: leo Berlin wamepumzika kwa miaka 80 tangu vita vikuu vya pili viishe Ulaya, ni sikukuu ya mwaka huu tu na ni ya mji huu tu. Barabara nyeupe.

Basi nikaanza kutembea. Na hapo ndipo safari yangu ilipogeuka.

Kibao cha kwanza: Ugandastraße. Nikatabasamu. Mbele kidogo, Sansibarstraße. Halafu Tangastraße, halafu Usambarastraße. Majumba ya ghorofa nne, rangi ya maziwa yaliyochacha, baiskeli zimefungwa kwa minyororo, mzee anatembeza mbwa mwenye koti. Nilisimama Tangastraße muda mrefu, pua nimeinua. Hakuna harufu ya bahari, hakuna mkonge, hakuna chochote. Nikaitafuta Lindi kwenye ramani ya kituoni. Haipo. Nikaona wivu, halafu nikajishangaa: wivu wa nini? Majina haya yanakumbusha enzi walipokuwa wanahesabu mali.

Kisha nikafika pembeni mwa bustani, nikasoma kibao: Maji-Maji-Allee.

Mimi ni mtoto wa Lindi. Vita vya Maji Maji vilianzia mkoani kwetu, Nandete, Wamatumbi walipong'oa pamba ya serikali, Julai 1905. Shuleni tulivisoma kama tarehe za mtihani: 1905 hadi 1907, Kinjikitile yule mganga, kijiji chake Ngarambe, maji yake ya kinga. Nyumbani vilisimuliwa kama njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa makadirio ni hadi 300,000, wengi kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Na sasa jina hilo lipo kwenye nguzo ya chuma, mtaa tulivu, mama anasukuma kigari cha mtoto chini yake.

Mtaa huu kabla ya hapo ulikuwa Petersallee, uliitwa hivyo mwaka 1939 kwa heshima ya Carl Peters, Mjerumani mwasisi wa koloni lao kwetu, yule ambaye kwetu jina lake ni Mkono wa Damu. Watu walipolalamika, mwaka 1986 ukafanyika ujanja ambao nikiusikia Dar ningesema ni utani: jina likabaki lile lile, wakabadilisha mwenye jina. Wakasema Peters ni mwingine, Hans, mwanasheria mwema. Ikachukua hadi Agosti 2024 mtaa kugawanywa, kipande kimoja kikapewa Maji Maji na kingine Anna Mungunda, mama wa Namibia aliyepigwa risasi Windhoek mwaka 1959.

Nilikaa kwenye benchi hapo nikala korosho zangu. Mzee mwenye mbwa akapita mara ya pili, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia namsubiri rafiki. Nikamwonyesha kibao, nikasema hii ni kwetu. Alisikiliza vizuri, halafu akasema shida ya kubadilisha jina la mtaa ni kwamba unabadilisha anwani benki, bima, kila mahali. Alisema bila ubaya wowote. Korosho aliikubali.

Saa nane na nusu mchana kamili, mwenzangu akatokea kwenye ngazi za kituo, amechana nywele, yuko kwenye dakika yake.

"Umefika mapema!" akasema.

"Saa tano mapema," nikamjibu.

Tulipofukua kosa tukalikuta lina mizizi miwili. Kwanza, Wajerumani wakisema "halb drei", nusu tatu, hawamaanishi tatu na nusu. Wanamaanisha nusu ya kuiendea tatu, yaani mbili na nusu. Pili, tatu yenyewe ni ya saa zao, ya mchana. Kwa hiyo nusu tatu yake ni saa nane na nusu yangu. Nikamwambia saa zetu zinafuata jua: likichomoza unaanza kuhesabu, likizama unaanza upya. Akatazama juu. Akasema basi leo hapa Berlin usiku unaanza saa ngapi? Sikuwa na jibu. Saa zangu zilitengenezwa kwa jua la Lindi, linalojua kazi yake mwaka mzima.

Akaniomba radhi kama mara saba. Halafu tukaenda Maji-Maji-Allee tena, wawili, akaniambia kwamba yeye vita hivyo hakuvisoma shuleni. Alivisikia kwa mara ya kwanza Novemba 2023, rais wao Steinmeier alipokwenda Songea kuomba msamaha. Kengele ya kugeuza lugha ikalia. Tukaiacha ilie.

Ijumaa, 9 Mei

Kutoka Afrikanische Straße, treni ya U6 inakupeleka moja kwa moja hadi kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, kwa jina la jumba la makumbusho ya viumbe lililo hapo. Vituo saba. (Tiketi nimegonga. Nimeiangalia mara tatu.)

Kwenye ukumbi wa kwanza wa jumba hilo yuko mjusi wa kwetu. Kwa wasiomjua: ni mifupa ya mjusi mkubwa wa kale iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya 1909 na 1913. Amesimama urefu wa mita 13.27. Ukiweka twiga wawili, mmoja juu ya mwingine, bado anawapita. Ameishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na jina lake la kitaalamu, Giraffatitan brancai, nusu ni twiga na nusu ni Branca, mkurugenzi wa jumba wa wakati huo.

Sikujiandaa. Nilijua atakuwa mkubwa. Sikujua kwamba mifupa yenyewe ina rangi ya udongo wa njia ya kwetu ukiwa umelowa. Nilisimama usawa wa goti lake. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni wanamtazama, mwalimu wao anawaambia huyu anatoka Tansania. Nikajikuta nainua mkono kama mwanafunzi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia kwamba wazee walibeba mawe kichwani hadi bandarini Lindi, mawe yaliyofungwa kwa majani na udongo, na hawakuambiwa ni nini. Nilidhani ni ngano. Zaidi ya tani 200 zilitoka pale kwa vichwa na mabega ya watu. Wachimbaji walifika hadi 500, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Kuchimba kumeanza miaka miwili tu baada ya Maji Maji, katika nchi ile ile iliyochomwa. Mtu aliyetoka kuzika watoto kwa njaa, akaja mzungu na kazi ya kuchimba mifupa yenye mshahara. Ungekataa?

Mjusi huyu mpaka bungeni Dodoma ameshajadiliwa, arudi au asirudi. Zamani nilikuwa upande wa arudi, nukta. Leo nilimtazama yule mtoto aliyelala chali, mdomo wazi, nikajaribu kumwazia wa Mipingo, kijiji kilicho karibu na Tendaguru, amelala chali vile vile, ana paa la kioo juu yake na mwalimu pembeni. Bado nasema arudi. Ila sasa nataka na ukumbi wake.

Jumamosi, 10 Mei

Mwenzangu alisema kuna mtu anataka tukamsalimie. Tukashuka Rosenthaler Platz, tukatembea Brunnenstraße, akainama mbele ya mlango wa nyumba ya kawaida kabisa. Chini, katikati ya mawe ya njia, kuna kipande cha shaba, sentimita kumi kwa kumi. Huku vipo vingi sana, kila kimoja mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi. Hiki kina jina la Mahjub bin Adam Mohamed.

Mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake askari wa Wajerumani, naye akaingizwa vita vya kwanza akiwa mtoto. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa. Wakamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza kwenye filamu, akajiita Bayume Mohamed Husen, akaoa mke wa Kijerumani. Na akawa msaidizi wa lugha chuo kikuu, anafundisha Kiswahili. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kuwa na mwanamke mzungu. Alikufa kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Alikuja kudai hela. Hilo neno lilinikaa kooni.

Mwenzangu akatoa kitambaa na chupa ndogo, tukaisugua ile shaba. Inafubaa haraka. Mtu mmoja akapita juu ya miguu yetu akaomba radhi.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimepika mimi. Wali wa nazi ya kopo, samaki wa kukaanga kisha mchuzi, na mchicha wao wa Kituruki. Vitu vyote nilivinunua jana Müllerstraße. Kukaanga samaki kwenye ghorofa bila kibaraza ni kosa: king'ora cha moshi dari la jikoni kimelia Jumapili, siku ya ukimya. Bibi akapanda kiti na ufagio, mimi napepea kwa sinia. Jirani wa chini akaja. Nikajua kumekucha. Akauliza tu kama kuna kinachoungua, akavuta harufu, akakaa. Alikula sahani mbili.

Kanga nimeikuta imetandikwa mezani. Roho iliruka, ila nikajizuia. Baada ya chakula nikamfunga moja kiunoni na nyingine mabegani, nikamwonyesha jina linavyokaa nyuma ili likusemee ukishapita. Akajitazama kwenye kioo, mbele, nyuma. Akasema "Mgeni njoo mwenyeji apone" kwa matamshi yake yale ya kukaza. Hakuuliza tena nani anaumwa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Kuwa "das" au "die" ya kitu bado ni bahati nasibu. Nimerudisha chupa sita tupu kwenye mashine dukani, senti 25 kila moja, nimepata euro moja na nusu. Naihesabu kama sehemu ya ile faini.

Jumanne, 13 Mei

Nimealikwa darasa la Kiswahili la mwenzangu. Wanafunzi tisa. Nilidhani nitasimulia habari za Lindi, wapige makofi, nitoke. Wakaja na maswali.

Kwa nini mnasema "nikaenda" na si "nilienda" ukiwa katikati ya hadithi? Kwa nini "chumvi imezidi" na "amezidi" vinatumia kitenzi kimoja kwa lawama mbili? Na huyu mmoja, mpole, mbele kabisa: kwa nini mtu anayeishi peke yake anasema "nyumbani kwetu"?

La kwanza nilijibu, nikajikanyaga, nikaanza upya. La pili sikuwahi kuliwaza. La tatu nilinyamaza kwa muda. Nikasema mtu akisema "kwangu", kwetu tunauliza kulikoni. Nyumba haijengwi na mmoja hata kama analala mmoja. Wakaandika. Nikaogopa kuona maneno yangu yanaandikwa haraka vile, kama nimetoa kanuni.

Mwalimu wao aliniambia Kiswahili kinafundishwa mji huu tangu mwisho wa miaka ya 1880, na kwamba kila mara pembeni ya profesa kulikuwa na msaidizi kutoka kwetu. Amur bin Nasur wa Zanzibar. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alioa Berlin na mwaka 1905 alipopanda meli kurudi nyumbani na mkewe, wakakataliwa kushuka. Akarudi Ujerumani, akafia huku 1927. Kisha Mahjub. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni ya meza ya mwalimu. Nikakisogeza kidogo, sijui kwa nini.

Jumatano, 14 Mei

Shikamoo Bibi. Marahaba. Ya kumi na moja, amehesabu.

Mwenzangu amekuja kunishika begi hadi uwanja wa ndege. Tumepanga kupigiana kila Jumapili kuendeleza tandemu. Akasema saa nusu tatu. Nikamwambia aandike, na aandike ya nani. Akaandika: "Saa nane na nusu mchana Berlin, saa tisa na nusu alasiri Lindi." Kwa wino wa kijani.

Mkoba wa mkononi haunuki korosho tena. Kuna ile tiketi ya faini, Bibi kaitoa kwenye friji akanirudishia, na chupa ya Spargel za siki alizonipa nimpelekee Mama. Nimeshaanza kuwaza Mama atakavyoifungua, aitazame, aulize kama ni muhogo mchanga, halafu atafute nazi.